Daktari ameshauri upandikizaji wa mimba, mama mkwe anasema ni haramu

Shangazi, ndoa yetu imetimiza miaka saba bila mtoto. Daktari amegundua kwamba mirija yangu yote miwili imeziba, akashauri mayai yangu yarutubishwe maabara kwa mbegu za mume wangu. Mama mkwe anasema huko ni kuingilia kazi ya Mungu. Mdogo wangu amejitolea kunipa yai lake iwapo yangu yatashindwa, na mume wangu hataki kupimwa. Sisi ni Waislamu wa Sunni. Nifanye nini?

Mwanangu, umefunga mambo kadhaa katika furushi moja, ilhali kila jambo lina hukumu yake.

Alilokushauri daktari wanazuoni wenu wengi wamelihalalisha. Louise Brown, mtoto wa kwanza wa njia hiyo, alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na kufikia mwaka 1980 Mufti Mkuu wa Misri alikuwa ameshatoa fatwa ya kuiruhusu. Mwaka 1986 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipitia njia saba za matibabu haya, likakataa tano na kuruhusu mbili, ambazo ndani yake yai na mbegu ni za mke na mume walio katika ndoa. Hofu ya mama mkwe naiheshimu, lakini daktari haumbi. Anatibu, na mimba kutunga au kutotunga hakumo mikononi mwake.

Yai la mdogo wako, ingawa limetolewa kwa upendo, litakutoa katika ruhusa hiyo. Sababu ni nasaba, kwa kuwa mirathi ya mtoto na watu anaoruhusiwa kuoana nao hutegemea kujulikana amezaliwa na nani. Wapo wanazuoni wa Kishia, akiwemo Ayatollah Khamenei wa Iran mwaka 1999, waliokubali yai la mwanamke mwingine kwa masharti; nalitaja ili ukilisikia lisikuchanganye. Mshukuru mdogo wako mapema, asiendelee kusubiri.

Kabla ya kutia saini, uliza viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, vingapi vitatengenezwa na vitakavyobaki vitafanywa nini. Mwaka 1990 Baraza hilohilo lilielekeza yarutubishwe mayai yanayohitajika kwa awamu hiyo tu, na vikibaki viachwe hadi uhai wake ukome wenyewe, asipewe mwanamke mwingine.

Linaloniuma zaidi ni mume wako. Wewe umeshapimwa, na bado hakuna ajuaye kama mbegu zake zinafaa, wakati katika karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto mwanamume naye huwa na sehemu yake. Ikiwa anachelea namna ya kuzitoa, zinaweza kupatikana kwa msaada wako mwenyewe, au katika tendo la ndoa kwa mpira maalumu usioua mbegu. Ikiwa anaogopa majibu, msikilize bila kumlaumu, na mwombe shekhe mnayemwamini akae naye faraghani. Lakini usikubali kuchomwa hata sindano moja ya kukuza mayai kabla hajapimwa. Na mama mkwe aelezwe na mwanawe, si na wewe.