Jenereta hailali ndani: fundi anawajibu wasomaji wa Kusini

Salfa, ile dawa ya unga, inapulizwa mikorosho, ngoma za unyago zinakesha, na simu yangu haipumziki. Karibu nusu ya maswali ni ya hizi jenereta ndogo za dizeli ambazo sasa zimeingia kila mahali, kuanzia saluni hadi kwenye mashine za kusaga. Nimechukua saba.

Shikamoo fundi. Nina duka Shangani, Mtwara. Jenereta ya kwanza niliibiwa, kwa hiyo hii ya pili naiwasha koridoni na mlango wa nyuma nauacha wazi. Kuna ubaya?

Marahaba, mwanangu. Ubaya upo, tena unamzidi mwizi. Moshi wa injini unabeba gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ile harufu inayokukera ni ya vitu vingine, kwa hiyo usiseme "sisikii moshi, niko salama". Gesi hii hung'ang'ania damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni inavyoishika, basi mtu anapumua vizuri kabisa huku mwili wake unakosa hewa. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi. Huku kwetu mtu akiwa na dalili hizo anameza dawa ya malaria na kulala, na kulala ndiko kunakommaliza.

Watu huniambia dizeli ina gesi hiyo kidogo kuliko petroli. Kweli. Ila mashine ikizidishiwa mzigo au ikiwa na chujio chafu gesi inaongezeka, na korido ni chumba kidogo. Mlango wazi hautoshi, feni haitoshi. Iweke nje, angalau mita 6 kutoka kwenye mlango na madirisha, ya kwako na ya jirani pia, ekzosi, yaani bomba la moshi, ikitazama kule upepo unakokwenda. Miezi hii ya kusi, mwenye kibanda kaskazini mwa nyumba ana nafuu, ila kaskazi ikianza kuvuma uangalie upya.

Kumzuia mwizi, mwaga zege chini ya mashine, zamisha humo chuma chenye pete, ufunge mnyororo mnene. Juu weka paa la bati, pembeni nondo au wavu tu. Usizibe kwa matofali, utakuwa umejenga korido nyingine. Na ukimkuta mtu amezimia karibu na mashine ndani ya chumba, usijitose peke yako ukakaa humo. Ita watu, fungua kila kitu, mtoe kwenye hewa safi, mpeleke hospitali hata akiamka na kusema yuko sawa.

Fundi, sisi tunakodisha muziki, tuko Newala. Kelele ya jenereta inaingia kwenye maiki, kwa hiyo tunachimba shimo, tunaishusha humo na kuifunika turubai. Mbona inazima usiku wa manane?

Inazima kwa sababu inakufa kwa joto. Injini hizi hazina rejeta, zinapozwa na upepo wa feni yake yenyewe, na shimoni inavuta hewa ile ile iliyokwisha ichemsha. Turubai likigusa ekzosi nalo litashika moto, na hapo ngoma imeisha. Dawa ya kelele ni umbali: ukiuzidisha mara mbili, kelele inashuka kwa desibeli 6 hivi. Nunueni waya mrefu wa milimita za mraba 2.5, na roli mlifungue lote hadi mwisho. Waya uliobaki umeviringwa unajipika wenyewe. Nimeona roli limeyeyuka likawa kama jongoo aliyejikunja.

Nauza samaki Kilwa Masoko. Jenereta imeandikwa 5 kVA. Friza zangu tatu kwa pamoja hazifiki hata wati 900, lakini umeme wa TANESCO ukikatika nikiwasha, breka inadondoka. Nimeuziwa feki?

Inawezekana, dada yangu, lakini kabla ya kumshuku muuzaji tupige hesabu. Kwenye mashine hizi kVA 5 ni kilowati 4 hivi za kazi, maana huzidishwa kwa 0.8. Bado unazo nyingi. Tatizo ni kuanza: kompresa ya friza inapoamka inavuta umeme mara tatu hadi sita ya ule inaoutumia ikitulia, wakati mwingine zaidi. Tatu zikiamka pamoja, na feni, na mashine ya barafu ya jirani uliyemgawia (usikatae, wote tunagawiana), breka lazima idondoke. Zichomoe zote kwanza. Washa injini, iache dakika tatu ipate moto, kisha chomeka friza moja, subiri itulie, ndipo ya pili. Kuzima ni kinyume chake: toa mizigo, iache izunguke mtupu dakika chache ipoe, ndipo uzime.

Nachingwea hapa fundi amenitengenezea waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili. Naichomeka kwenye jenereta na kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima inawaka. Bei rahisi sana.

Huyo hakukutengenezea waya, amekutengenezea kesi. Upande mmoja ukichomoka, zile pini zilizo wazi mkononi mwako zina volti 230. Hilo ni la kwako. La pili ni la mwenzako: usiposhusha swichi kuu, umeme wako unatoka nyumbani kurudi barabarani, unafika kwenye transfoma, na transfoma haijui kwamba unatoka kwa nani. Inafanya kazi kinyume na kuukuza hadi volti 11,000 au 33,000. Kijana wa TANESCO yuko juu ya nguzo akiamini laini imekufa. Na umeme ukirudi ghafla huku mashine yako inazunguka, jenereta inaungua, ukiwa na bahati ni hiyo tu.

Usiniambie "mimi huwa nakumbuka kushusha". Siku moja atawasha mtoto. Kata huo waya leo, vipande viwili, usimgawie mtu. Kisha mtafute fundi umeme mwenye leseni akufungie swichi ya kubadilishia, ile wanayoiita chenjiova, ambayo kwa umbo lake haiwezi kushika pande mbili kwa pamoja. Mwambie afunge na waya wa ethi kabisa.

Tandahimba. Tangu tuanze kupuliza, jenereta inatoa moshi mweusi na haina nguvu. Inakaa stoo ya salfa.

Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, na hewa imezibwa na vumbi. Fungua chujio la hewa. Kama ni la karatasi, likung'ute taratibu. Likiwa limekolea, nunua jipya, usilioshe. Kama ni la sponji, lioshe kwa maji ya sabuni, likauke kabisa, ulipake oili kidogo na kulikamua. Wakati wa salfa litazame kila siku. Kuendesha bila chujio "kwa siku mbili tu" ni kuilisha injini msasa.

Lakini mzee wangu, kilichonitisha ni hiyo stoo. Vumbi la salfa linashika moto kwa cheche ndogo, na moshi wake unachoma mapafu. Mashine yenye ekzosi ya moto haikai humo hata ikiwa imezimwa. Ihamishe kabla hujaendelea kusoma.

Masasi. Niliongeza oili, nikawasha, injini ikapanda yenyewe kwa mlio wa ajabu. Nikafunga mafuta, haikuzima. Ilikuwa nini?

Uliijaza oili kupita kipimo. Oili ya ziada ilipanda kupitia bomba la kupumulia la injini hadi kwenye njia ya hewa, na dizeli haichagui, inachoma oili yake yenyewe. Ndiyo maana kufunga mafuta hakukusaidia. Ilinikuta nikiwa mwanagenzi, kosa ni langu mwenyewe, na nilikimbia. Kukimbia si aibu: kama inaunguruma kama inataka kupaa, ondoa watu. Ukiwahi mapema, ziba mdomo wa hewa kwa ubao bapa, itakufa yenyewe. Usizibe kwa mkono wala kitambaa.

Kipimo kisome mashine ikiwa imezimwa, juu ya ardhi sawa, na kwa aina nyingi kijiti cha kupimia oili huchomekwa tu bila kukazwa. Oili ya kwanza ibadilishe baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 100, iwe ya injini za dizeli, 15W-40 inatosha kwa joto letu. Andika saa kwa chaki ukutani, mimi hufanya hivyo mpaka leo.

Liwale. Mafuta yaliisha kabisa, nimejaza, haiwaki.

Imeingia upepo. Legeza nati ya mafuta kwenye pampu, acha yatiririke mpaka mapovu yaishe, kaza. Kisha legeza nati ya bomba kwenye nozeli, ile inayorushia mafuta ndani ya injini, zungusha injini taratibu mpaka dizeli itoke, kaza, washa. Uso na vidole viwe mbali na nozeli, kwa sababu mchirizi wake unapenya ngozi, na kitone kinachofanana na cha sindano kinaweza kukukatisha kidole. Ikikupata, usisubiri kiume. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, waambie ni dizeli ya presha.