Bibi Anaimba kwa Sauti ya Kiume

SWALI: Shikamoo mzee. Babu alituachia santuri nyeusi, nzito, za taarabu. Nimenunua mashine mpya yenye spidi mbili, 33 na 45. Nikiziweka, bibi anayeimba anatoa sauti ya kiume, tena kama ana usingizi, na makwaruzo hayaishi. Fundi ananiambia zimeshakufa, nizitupe. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usitupe hata moja, na huyo fundi mwache na redio zake. Santuri hizo huzunguka mara 78 kwa dakika. Ukizizungusha mara 45, wimbo wa dakika tatu utachukua zaidi ya tano, na sauti itashuka karibu oktavu nzima. Tafuta mashine yenye spidi ya 78. Mpya zipo, ila uliza kabla ya kutoa pesa.

Makwaruzo ni kesi nyingine. Santuri za plastiki, zilizoingia sokoni mwaka 1948, zina mifereji myembamba. Za babu yako zina mifereji mipana, na sindano yake huwa nene mara tatu hadi nne. Sindano uliyonayo inazama hadi chini kwenye vumbi, ilhali muziki umechongwa kwenye kuta. Nunua sindano ya 78. Amplifaya ikiwa na kitufe cha mono, kile kinachounganisha sauti za spika mbili kuwa moja, kibonyeze: hizo zilirekodiwa kabla ya stirio, kwa hiyo hupotezi muziki wowote, unapunguza kelele tu.

Katika kuziosha, spiriti ni marufuku! Zimetengenezwa kwa utomvu wa mdudu wa huko India uliochanganywa na unga wa mawe, na spiriti huuyeyusha. Tumia maji ya vuguvugu, tone la sabuni na kitambaa laini, na lebo isilowe.

Mimi makwaruzo machache hayanikeri. Kinachonikera ni wale wanaosafisha kwa kompyuta mpaka fidla inabaki butu.

Lebo zenyewe zisome vizuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV, wale wenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Ukimkuta mbwa huyo na jina hilo pamoja, niandikie kabla hujamwonyesha mnunuzi yeyote.

SWALI: Kaseti ya harusi yangu imefifia, kama watu wanaimba chumba cha pili. Utepe haujakatika. Tatizo nini?
Mama wa watatu, Mombasa

JIBU: Dada, tazama katikati ya ule upande ulio wazi. Pana kipande kidogo cha kitambaa juu ya bati jembamba, kazi yake kuukandamiza utepe kwenye kichwa cha redio. Gundi ikizeeka, kinadondoka. Tafuta kaseti usiyoijali iliyofungwa kwa skrubu, uifungue, uhamishie utepe wako humo. Usiuguse kwa vidole vyenye mafuta.