Mimi mchanga, jirani tope: mashapo ya Bonde la Ufa hayalali kama chapati

SWALI: Shamba langu liko Mto wa Mbu, chini ya genge, ule ukuta wa mwamba wa Bonde la Ufa. Nimechimba kisima, mita 30 nikakuta mchanga na maji mazuri. Jirani yangu, mita 200 kuelekea Ziwa Manyara, ameshuka mita 60 na bado ni udongo wa mfinyanzi na maji ya magadi. Mpimaji wake wa vijiti vya shaba anasema aendelee tu, tabaka ni zile zile bonde zima, mchanga utatokea. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na hivyo vijiti vimeshakula mavuno ya watu wengi mno.

Hiyo ya "tabaka ni zile zile" ndiyo inayonichosha. Watu wanalichukulia bonde kama bakuli: tope linaingia, linatulia, linajipanga sawasawa. Sakafu ya Manyara imeinama. Inazama upande wa magharibi, kwenye ufa ulio chini ya genge, huku mashariki ikibaki juu, kama mlango wa ghala uliolegea bawaba moja. Mashapo, yaani mchanga na tope lililoletwa na maji, yanakuwa kabari, nene upande wenu, nyembamba ng'ambo. Na kuzama hakujakoma. Mafuriko yanashusha mawe na mchanga, sakafu inateremka, mafuriko mengine yanamwaga pale pale. Ndiyo maana mchanga unarundikana miguuni mwa genge badala ya kutambaa hadi katikati. Wewe umechimba kwenye rundo. Jirani yuko nje yake, maji yalikoishiwa nguvu yakabaki na tope.

Ziwa nalo halikai mahali pamoja. Minjingu, ng'ambo ya mashariki, fosfeti, madini ya mbolea, inachimbwa kwenye kilima kilichokuwa kisiwa cha ndege enzi ziwa lilipokuwa kubwa. Mifupa yao imo humo. Ziwa likipanda, tope hufunika mchanga. Likirudi, mto hutandaza mchanga juu ya tope. Basi huwezi kusoma shimo la jirani kwa kutazama lako. Anaweza kukuta mchanga, anaweza kushuka mita 60 nyingine ndani ya tope lile lile. Vijiti havijui.

Aache kwanza kulipia mita. Kila mita 3, amwage konzi ya kinachotoka juu ya turubai, kwa mpangilio. Kokoto zenye kingo kali hazijasafiri mbali. Tope linaloteleza kama sabuni na kuacha unga mweupe likikauka ni sakafu ya ziwa la kale.

Nawe unayesema maji yako ni mazuri, umepima au umeonja? Floridi haionjeki. Inatoka kwenye miamba na majivu ya volkano yaliyochanganyika na mashapo haya, na meno ya kahawia inayoyaleta utayaona kuanzia Arusha hadi Nakuru. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuna wanaouza ushauri wa "chemsha tu". Ukichemsha, maji yanapungua, floridi inabaki yote. Peleka chupa maabara kabla hujafunga pampu.