Mkopo wa Bodi hauchukui shamba la mama

Mdogo wangu wa Newala, pole kwa kumpoteza baba. Umeuliza kama uombe mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, wakati mama anaogopa deni litakuja kula shamba la mikorosho. Omba. Hakuna hati ya shamba inayowekwa rehani pale. Kinachotakiwa ni mdhamini, na mama mwenyewe anaweza kusimama.

Deni lipo, nalo ni lako. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi: kwa mshahara wa 700,000 ni 105,000 kila mwezi. Inauma, lakini ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikifanya deni livimbe kila mwaka, ilifutwa mwaka 2021. Mweleze mama hilo taratibu, kwa Kimakonde ikibidi.

Mimi ningehangaika zaidi na karatasi. Cheti cha kifo cha baba ndicho kinachoonyesha uyatima wako, na huku kwetu wengi wanazikwa bila kusajiliwa. Nenda ofisi ya mkuu wa wilaya wiki hii, ukipate, kisha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, wakihakiki pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Angalia majina herufi kwa herufi; "Saidi" na "Said" ni watu wawili kwenye mfumo. Namba ya mtihani ya kidato cha nne iwe ileile uliyoombea chuo.

Na usisubiri hela ya mnada wa korosho wa Oktoba. Dirisha la maombi ya mkopo litakuwa limeshafungwa.