Nunua agrafu kwanza: kubadilisha plastiki za ndani ya Toyota Vitz na Toyota IST mwenyewe

Wengi hapa Lubumbashi huanza kwa kutafuta paneli ya mlango. Wakiipata, wanafungua mlango, na jua likiwa linazama ndipo wanaona agrafu tano zimekatika na hakuna cha kushikia paneli mpya. Fanya kinyume. Agrafu, vile vipini vidogo vya plastiki vinavyobana paneli kwenye bati, ndivyo vinavyokufa kwanza. Joto la Oktoba mwaka baada ya mwaka linazikausha mpaka zinakatika shingo hata ufungue kwa adabu gani. Mlango wa mbele wa gari ndogo hubeba 7 hadi 10 hivi. Kwa milango minne nunua 50. Zitakazobaki hazina gharama kubwa.

Usinunue kwa kukadiria. Toa agrafu moja iliyo nzima, uende nayo dukani, ulinganishe vitu viwili: unene wa shina linaloingia kwenye tundu la bati, na umbo la kichwa kinachoteleza ndani ya kiti chake nyuma ya paneli. Shina likiwa jembamba, paneli itagonga kwenye kila shimo la barabara. Likiwa nene, utapiga ngumi ili liingie, na kitakachovunjika si agrafu bali kiti chake, ambacho hakiuzwi peke yake. Chagua zile zenye pete ya sponji shingoni: inazuia maji na vumbi kupita kwenye tundu.

Halafu paneli yenyewe. Mji wetu una magari ya aina mbili njiani: yale ya Japani yaliyoingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, volani kuume, na yale ya Ulaya, volani kushoto. Vitz ya kwanza, ya 1999 hadi 2005, iliuzwa Ulaya kwa jina la Yaris, na muuzaji wa okazi, yaani vipuri vilivyotumika, atakuapia kwamba piesi ni zile zile. Ni kweli nusu. Paneli za milango ya nyuma mara nyingi zinaingiliana. Za mbele ni hatari, kwa sababu mlango wa dereva una nafasi ya swichi zote za vioo, na nafasi hiyo iko upande wa volani. Dashibodi usijaribu kabisa. Tena Yaris nyingi za Ulaya zina milango mitatu, na mlango wao wa mbele ni mrefu kuliko wa gari ya milango mitano: paneli yake haitaingia hata ukiikata. IST ya kwanza nayo ilijengwa juu ya msingi wa Vitz, lakini paneli za milango ni zake mwenyewe. Usikubali kuambiwa zinafanana.

Rangi usiipime kwa macho chini ya hema la muuzaji. Kwenye kibati cha utambulisho cha Toyota, ama kwenye fremu ya mlango ama ndani ya boneti, kuna sehemu iliyoandikwa COLOR TRIM. Alama ya kwanza ni rangi ya bodi, ya pili ni ya ndani. Kama gari iliyotoa piesi bado ipo pale, linganisha alama ya pili. Kijivu cha Toyota kina ndugu wengi.

Vifaa si vingi: turnevisi ya nyota namba 2, turnevisi bapa ndogo iliyofungwa skochi ncha yake, ufunguo wa 10 kwa batri, na kipande cha plastiki ngumu au mbao iliyochongwa bapa cha kubanulia. Visi za Japani zina msalaba wenye umbo tofauti kidogo na turnevisi za kawaida, kwa hiyo turnevisi huruka na kula kichwa. Sukuma kwa nguvu kuliko unavyozungusha. Saa ya kazi pia ina maana. Asubuhi za Juni na Julai baridi yetu inashuka chini ya nyuzi 10, na plastiki kongwe yenye baridi hupasuka. Acha gari ikae juani mpaka saa sita.

Kwa mlango usio na eabagi (mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga) ndani yake, inatosha kuondoa ufunguo wa kuwashia. Usifungue batri bure, maana baadhi ya redio za Kijapani zenye ramani zikikosa umeme zinajifunga na kudai namba ya siri au diski ambayo hunayo. Lakini ukifika karibu na fishi (viungio vya nyaya) za rangi ya manjano, zile ni za eabagi: toa nguzo hasi ya batri, subiri sekunde 90, wala usizipime kwa mita ya umeme. Katikati ya volani usiguse kabisa.

Pandisha kioo juu. Tafuta visi zilizofichwa: moja nyuma ya mkono wa kufungulia mlango, chini ya kifuniko kidogo, na moja au mbili ndani ya shimo la kuvutia mlango. Ukivuta paneli na kona moja inakataa, visi imebaki. Simama, itafute. Kwenye gari ya kioo cha kuzungusha kuna kazi ya ziada, na ni ya raha ukishaijua: mkono ule umeshikwa na waya uliopinda uliojificha nyuma yake. Ingiza kitambaa chembamba kati ya mkono na paneli, ukivute huku na huku kama unavyong'arisha kiatu, nyuzi zitaunasa waya na kuuchomoa. Weka kiganja upande wa pili, la sivyo utautafuta kwenye majani. Kabla ya hapo piga picha kuona mkono umeelekea wapi.

Sasa banua, ukianzia kona ya chini. Ingiza mbao karibu kabisa na agrafu, si katikati ya agrafu mbili. Katikati paneli inapinda, na ikipinda inapasuka. Chini na pembeni zikiachia, inua paneli yote juu, kwa sababu ukingo wa juu umening'inia kwenye bati la dirisha. Usiivute kuja kwako. Ishike kwa goti, uchomoe fishi za swichi kwa kubonyeza ulimi wake, kisha kebo za mkono wa kufungulia. Mkono huo kwenye mlango wa mbele kushoto ndio unaochoka haraka kwenye taksi ya volani kuume, kwa sababu abiria wote wanaukamata kwa hasira. Unashikwa na visi moja na kuteleza kutoka. Kebo ni mbili, ya kufungua na ya kufunga loki: weka alama.

Nyuma ya paneli utaona nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata. Mafundi wa haraka wanaichana na kuitupa. Ile ndiyo inayorudisha maji ya mvua ndani ya mlango ili yatokee kwenye matundu ya chini. Bila yake, kuanzia Novemba zulia litaloa na kunuka, na utasema dirisha linavuja. Ikichanika, bandika nailoni nene mpya, na chini yake iingie ndani ya bati. Zibua na yale matundu ya chini, yamejaa udongo mwekundu wa Mei hadi Septemba.

Wakati wa kurudisha, jaribu kioo, loki na mkono kabla ya kubana agrafu hata moja. Piga kwa kiganja juu ya kila agrafu ukihakikisha imelenga tundu. Visi zinazoingia kwenye plastiki zizungushe kwanza kinyume mpaka uhisi zimedondoka kwenye njia yao ya zamani, ndipo ukaze kwa mkono. Mashine inakula njia.

Kama paneli ni nzuri ila imepasuka mahali, igeuze usome herufi zilizochorwa nyuma. ABS na PP ni aina mbili za plastiki. ABS inakubali supaglu. PP haikubali, gundi itakauka na kubanduka yote kama ganda. PP inayeyushwa kwa chuma cha kulehemia cha mafundi wa redio, pamoja na kipande cha PP kutoka paneli nyingine iliyokufa. Plastiki ya bidoni haishikani nayo, ingawa inayeyuka vizuri na kukudanganya. Kabla ya gundi yoyote, osha kwa maji ya sabuni kisha alkoli, kwa sababu mafuta ya kung'arisha dashibodi yana silikoni, na juu ya silikoni hakuna gundi wala rangi inayoshika. Petroli usitumie: inaipasua ABS taratibu.

Kitambaa cha dari kinachoning'inia ni jambo jingine. Sponji yake imegeuka unga, kwa hiyo kuingiza gundi kwa sindano kunakupa wiki chache tu. Lazima ubao wote wa dari unaobeba kitambaa utoke kupitia mlango wa buti bila kukunjwa, ukwanguliwe unga wote kwa brashi, upakwe gundi inayovumilia joto, ubao na kitambaa, na kuachwa mpaka isinate kidoleni. Gundi ya kawaida ya viatu inalainika Oktoba. Muwe wawili, muanzie katikati kwenda pembeni, na mkiwa hamna mahali pa kivuli pasipo vumbi, mpelekeeni fundi wa viti.