Shanga Zikizimika, Usikimbilie Kulaumu Kimeng'enya

Juzi msomaji aliyefungia kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko) ndani ya shanga za ute ili akitumie tena na tena, kaniandikia: "Kaka, shanga zangu siku ya kwanza zilichapa kazi, siku ya tatu zimezimika. Nibadilishe kimeng'enya?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, na lilininyang'anya mradi.

Nilikuwa na penisilini asilasi, kile kimeng'enya kinachokata penisilini G kupata 6-APA, malighafi ya amoksisilini. Nilikichanganya na alginati, ute unaotokana na mwani, nikadondosha kwa sindano kwenye kalsiamu kloridi. Kila tone likigusa maji linakaza. Shanga nyeupe, mviringo, ukizibonyeza zinarudi. Nilizipiga picha nyingi kuliko nilivyozipima, na hapo ndipo ujinga ulipoanzia.

Mmenyuko huu huzalisha asidi, kwa hiyo pH, kipimo cha uasidi, hushuka. Kwenye chupa ndogo nilikuwa natia alkali kidogo kidogo. Tulipohamia chombo kikubwa nikaona nijipunguzie kazi, nikatia bafa ya fosfati, yaani mchanganyiko unaozuia pH isiyumbe. Kesho yake wakubwa walikuja kutazama wakakuta ute mtupu. Fosfati ilikuwa imejikamatia kalsiamu, na kalsiamu ndiyo iliyozishika zile shanga. Nilishawahi kusoma jambo hilo, tena na mtihani nikafanya! Msimamizi wangu akatangaza mbele ya wote kuwa kimeng'enya hakifai. Nami, kwa woga, nikaitikia kwa kichwa. Mradi akapewa mwingine. Bado inaniuma, sifichi.

Baadaye nilipima maji niliyosuuzia shanga, yaliyosahaulika kwenye jokofu. Yalikuwa yanakata penisilini vizuri tu. Kumbe hata kabla shanga hazijayeyuka, kimeng'enya kilikuwa kinapenya kwenye vitundu vya alginati na kutoka zake.

Basi kabla hujabadilisha chochote, chuja shanga katikati ya mmenyuko, uache maji yaendelee peke yake. Yakiendelea kufanya kazi, kimeng'enya chako kinavuja. Kisha saga shanga chache. Kasi ikipanda, kile kinachotakiwa kukatwa kilikuwa hakifiki ndani, na dawa yake ni shanga ndogo zaidi. Ukitaka kukaza kwa glutaradehaidi, kemikali inayofunga protini pamoja kwa kushika amini zake (vikundi vyenye nitrojeni), weka bafa ya Trisi mbali, maana nayo ina amini yake na itaigombania glutaradehaidi na protini yako. Na pima maji ya kusuuzia. Narudia, pima maji.

Vijana wa siku hizi mna haraka. Wanakemia Nelson na Griffin waliona mwaka 1916 kwamba invertasi, kimeng'enya kinachokata sukari, iliyoshikamana na mkaa bado inafanya kazi. Kampuni ya dawa ya Tanabe Seiyaku ya Japani ilianza kutenganisha asidi amino kiwandani kwa kimeng'enya kilichoshikizwa mwaka 1969. Katikati hapo ni miaka 53, wewe siku ya tatu umeshakata tamaa! Kaa na shanga zako, zipime, andika kila kitu, na mkubwa akikosea mwambie. Mimi sikumwambia.

Halafu kaka, hujaniambia bafa yako ni ipi. Niandikie, na maji ya kusuuzia usiyamwage.