Badogo ba garaje, mbele ya turbo muangalie krepini, ule wavu pompa inavutia mafuta ya moteri

Jana mangaribi niliingia mu garaje nikakuta badogo babili bamepindua moteri ya 1JZ ya Toyota ku stendi, mumoja ameshika tube ya silikoni kwa mikono mbili anaikamua ku karteri (bakuli ya mafuta chini ya moteri) kama mutu anakamua ngombe, mwenzake anamuambia "ongeza, ongeza, isivuje". Nikabapokonya ile tube. Sikubatukana, bale batoto ninabapenda, banafikaka asubuhi mbele yangu na bana masikio ya moteri kupita bakubwa bengi ba Birere, lakini moyo ulinidunda paka mikono ikatetemeka, na bao bananiangalia tu, yaya (mukubwa wao, ni mimi) amepatwa na nini. Njo maana naandika hii. Muliona ku simu 1JZ inaingia mu Altezza, gari ndogo ya Toyota, inachoma matairi, mukaamini hii kazi ni turbo, ile pompa inasukuma hewa mu moteri. Turbo inakuja mwisho kabisa. Musome pole pole, na musiruke kwenda ku namba ine juu njo inaongelea nguvu.

1. Ujue gari mbele ya kupenda moteri. Altezza AS200 ilitoka na 1G-FE, silinda sita, lita mbili, farasi 160. RS200 ilitoka na 3S-GE ya silinda ine. Sasa unataka 1JZ-GTE, lita 2.5, farasi 280. Sawa, inaingia, lakini hizo 1JZ haziko moya: ya 1990 mpaka 1996 iko na turbo mbili ndogo, ya 1996 kuendelea iko na VVT-i (inageuza wakati valve zinafunguka) na turbo moya kubwa, na kalkilatere (kompyuta ya moteri) ya hii haijui feso (kifungu cha nyuzi) ya ile. Ukikuta moteri ya bei ya chini na feso yake imekatwa, waachie. Nilishapoteza wiki tatu nikitafuta nyuzi moya moya na lampa ku kichwa, na kosa ilikuwa masi (uzi wa kurudisha umeme ku chuma) moya tu yenye haikurudishwa nyuma ya moteri. Tangu ile siku masi zote ninazipangusa na msasa na kuzirudisha mbele ya kitu kingine chochote.

2. Buwati (sanduku ya gia) ya J160, ile ya vitesi sita ya Altezza, haitavumilia 1JZ miaka mingi ukianza kupandisha presha ya turbo, tafuta R154, ile buwati ya Toyota ya nguvu zaidi.

3. Silikoni. Hapa mukae chini.

Mwaka wa 2016 papa mumoja wa Himbi aliniletea Altezza yake ya 1999. Alikuwa anauzisha simenti, aliweka franga miaka tatu juu ya hii moteri, akaitafuta mwenyewe paka Kampala, VVT-i, safi, hata kifuniko ya kamu ikifunguliwa ndani iko inangaa rangi ya asali. Karteri yake ilikuwa inagonga traverse (chuma ya kukatisha chini) ya Altezza, kwa hiyo tukabadilisha karteri pamoja na krepini, vile inatakiwa. Mpaka hapo nilifanya kazi muzuri na bado ninaijivunia.

Ijumaa mangaribi, umeme ikakatika. Kesho yake papa alikuwa na ndoa ya mudogo wake na alitaka kufika na ile gari. Nikashika simu mu meno juu ya mwangaza. Ule mustari wa karteri sikuupangusa vizuri, silikoni ya zamani ilibaki mu kona mbili, nikajiambia ile mupya itaifunika. Nikaweka uzi munene kama kidole yangu kidogo, nikasere (nikakaza) bulo zote palepale, ikatoka inje pembeni kama dawa ya meno, nikaipangusa na kidole na nikafurahi juu nilifikiri ni alama ya kazi imejaa. Badogo, munisikilize hapa: kama imetoka inje vile, na ndani imetoka vilevile, na kule ndani hakuna kidole ya kuipangusa. Nusu saa nyuma ya hapo nikamwanga mafuta mu moteri. Tukademare, tukawasha. Haikuvuja hata tone.

Siku tisa ile gari iliimba. Siku ya kumi papa ananipigia: akisimama ku ropwe (mzunguko wa barabara) ya Tshukudu, moteri ikiwa moto, taa nyekundu ya mafuta inapepesa, akigusa gaze inazimika. Nikamujibu bila hata kuenda kuangalia, ni sonda tu papa (kile kinapima presha ya mafuta na kuwasha taa), hizi sonda za siku hizi. Nikaenda, nikabadilisha sonda, taa ikaacha kwa siku moya.

Sasa hii njo sehemu inaniuma. Manometa, saa ya kupima presha ya mafuta, nilikuwa nayo. Ilikuwa mu kabati, mu kitambaa yake. Unatoa sonda, unakaza manometa pale pale, dakika kumi, unajua ukweli. Sikuichukua juu ndani yangu nilishaanza kuogopa ile itanionesha. Sikukosa kifaa na sikukosa akili, nilikimbia jibu. Na papa wa watu aliendelea kutembeza juu nilimuambia ni sonda, na aliniamini.

Siku mbili nyuma ya hapo, barabara ya Sake, ikaanza kugonga chini, ko ko ko, kwa turu 2,000 (mizunguko ya moteri kwa dakika). Tuliivuta na kamba. Nilipofungua karteri, kusine ya byele ya tano (chuma laini ya mukono wa pistoni) ilikuwa imezunguka mahali pake, imeungua rangi ya buluu na nyeusi, vilibreke (shafti kubwa inazungusha pistoni) imechorwa unaingiza kucha. Kisha nikapindua krepini. Mu wavu yake mulijaa vitu vya rangi ya majivu, virefu, vyororo, kama minyoo. Nilivitoa kimoya kimoya na koleo ndogo nikavipanga ku kitambaa. Vilikuwa kumi na moya. Papa alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakupandisha sauti. Aliinama, akachukua kimoya, akakivuta na vidole viwili, kikarefuka, kikarudi. Akaniuliza: "Ni haka njo kameua moteri yangu?"

Nilimuambia ndiyo. Nilimuambia na habari ya manometa pia, juu ilikuwa haki yake kuijua. Niliuzisha piki piki yangu, nikatafuta vilibreke ingine, miezi munane ile gari ilikaa ku mbao ndani ya garaje yangu na kila asubuhi nilikuwa ninaipita. Papa bado ni muteja wangu leo. Hiyo ni roho yake muzuri, siyo kazi yangu.

Basi mushike hivi. Pangusa na esanse (petroli) paka kitambaa kitoke cheupe. Uzi wa milimita 3, upite upande wa ndani wa matundu ya bulo. Acha ikauke usiku muzima. Krepini ipate jwe (ile ya kuziba) mupya. Mbele ya kudemare, toa buji zote (plagi za cheche), kata esanse, zungusha na demarere (stata) paka manometa ipande. Gari ikishapata moto, utake karibu bar 0.7 kwa kila turu 1,000. Ikikuwa chini sana ya hapo, zima, usibishane nayo. Nyuma ya moto wa kwanza mwanga mafuta inje, kata filtri, ifungue kama kitabu na uangalie mikunjo yote.

4. Sasa nguvu, kile munangojea. Goma iko karibu metre 1,500 juu ya bahari, hewa yetu ni karibu 85 ku 100 ya hewa ya Mombasa. Turbo ukiiambia ipige bar 0.7 inapiga 0.7 juu ya hewa ya hapa, kwa hiyo nguvu yote ya kule haifiki, na mutu akikimbilia kupandisha presha ili aipate, turbo inazunguka kupita kipimo chake na hewa inatoka moto sana. Programu ya kalkilatere ya rafiki wa pwani musiiweke mu gari ya hapa. Mudogo mumoja alikuwa kwangu, leo iko na garaje yake Bukavu na ninajivunia yeye sana, aliweka programu ya namna ile na akajaza esanse ya kadafi (bale banauzisha ku barabara) ya ku chupa. Kupanda kilima mu vitesi ya tatu ikaanza kliketi (esanse inalipuka mbele ya wakati), unaisikia kama changarawe mu kopo, akaongeza redio. Pistoni ilipasuka katikati ya segma (pete za pistoni). Esanse ya ku chupa hata ukiijua muuzaji hujui imechanganywa na nini. Muweke sonda ya lambda, ile inapima hewa kwa esanse na inaonesha namba: ralanti (moteri bila kukanyaga) karibu 14.7, gaze yote kati ya 11.5 na 12, na ikipita 13 ukiwa umekanyaga yote, achia muguu mara moya. Nafasi ya buji muifunge kidogo, milimita 0.7 ao 0.8. Na muanze na presha ya chini, mutembee nayo mwezi muzima. Hakuna mutu anabafukuza.

5. Maji hapa inachemka ku nyuzi karibu 95, njo maana kifuniko ya radiatere siyo pambo, inashika presha ili maji isichemke mapema, ununue mupya ya 1.1 (bar).

6. Kuruwa ya distribisio (mukanda wa kuzungusha kamu) na pompa ya maji vibadilishwe moteri ikiwa bado inje.

7. Filtri ya hewa ile ya wazi, inapiga sauti muzuri, ninajua. Lakini vumbi yetu ni mawe ya volkano iliyosagwa, ni msasa, na inapita mbele ya turbo kwanza, kisha mu silinda. Mufunge sanduku. Mukitaka sauti mutengeneze eshapema (bomba ya moshi).

Ile krepini ya 2016 sikuitupa. Iko ku musumari juu ya etabli (meza ya kazi), na jana nyuma ya kubapokonya tube niliishusha nikabapa. Mu kona ya wavu kalibaki kamoya, kamekauka. Mule mukubwa wao akakagusa na kidole, akanyamaza, kisha akaenda kutafuta esanse na kitambaa bila mimi kusema kitu.

Leo asubuhi karteri ilikuwa nyeupe pande zote. Uzi niliupima: milimita 3. Mafuta tunamwanga mu moteri kesho.